Mwaka Huu Sishoni

Jumamosi, 29 Novemba

Nimesema. Afadhali niandike sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya kwamba sikusema.

Wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu mume wangu, ambaye sote humwita Jemadari asipokuwepo, alifika asubuhi kwenye chumba changu cha kazi na jora zima la kitambaa begani. Zambarau yenye maua ya manjano. Akalitua mezani, juu ya gauni la harusi la watu nililokuwa nalikata, akajipangusa jasho.

"Haya wifi, mwaka huu zambarau. Watu ni walewale, ila uongeze yule mchumba wa mtoto wa shemeji yako. Mwembamba yule, hatamaliza kitambaa."

Ndivyo ilivyo kwetu. Kila Krismasi ukoo mzima wa mume wangu huvaa kitambaa kimoja, kuanzia mama mkwe hadi mtoto anayenyonya, na fundi ni mimi. Asubuhi wanafika nyumbani kwangu, wanavaa, wanapiga picha kwenye ngazi za mbele, wanakula nilichopika, jioni wanaondoka na mabaki. Desturi hii haikushuka kutoka mbinguni. Ilianza mwaka nilioolewa, Jemadari alipogundua kwamba kaka yake ameoa mwenye cherehani.

Nikamwambia, "Wifi, mwaka huu sishoni. Sipiki pia. Anayetaka kuja kunisalimia aje na alichonacho mwilini."

Akanitazama. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

"Sitaki."

Akacheka, akanipigapiga mgongoni kama mtoto aliyesema hataki kuoga. "Nitapita Jumatano nione umefika wapi." Akaondoka, akaliacha jora mezani.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Jora nimelihamishia kwenye kiti cha wateja. Wateja wamekaa kwenye ndoo.

Jumanne, 2 Desemba

Leo nilizitazama picha za ngazini, zimejaa ukuta mzima wa sebule. Hakuna hata moja niliyosimama nikitazama mbele. Kila mwaka nimegeuka ubavu, kidogo tu, kama mtu aliyeitwa. Anayetazama atadhani ni mapozi. Ukweli ni kwamba gauni langu huwa la mwisho. Nikishamaliza ya wote, ya wakubwa na ya watoto na ya wachumba wanaobadilika kila mwaka, langu hubaki halijashonwa upande mmoja, basi nalifunga kwa pini na kujibanza. Mume wangu alijua. Alikuwa akisimama upande wenye pini.

Krismasi mbili sasa upande huo hauna mtu.

Simchukii mtu yeyote, na kazi yangu naipenda. Ila mwaka jana, wote wakiwa ngazini, pini moja ilinichoma ubavuni, nami nikaendelea kutabasamu hadi mpiga picha aliporidhika. Niliporudi jikoni nikajiuliza: mimi ni mtoto wa nyumba hii, au ni fundi wao? Aliyenileta kwenye ukoo huu hayupo tena. Nikiacha kushona, nitajua jibu. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwa sababu jibu likiwa baya, atakayenipotea ni mama mkwe. Mama yangu mzazi alifariki sijajua hata kufunga vifungo. Duniani nimemwita mtu mmoja tu mama akaitika, na ndiye huyo.

Jumatano, 3 Desemba

Jemadari alikuja na shemeji yangu, yule mdogo wa mume wangu anayeendesha lori. Alikuja naye kama shahidi. Jora walilikuta kitini, uzi wa dukani bado umelifunga.

"Hujakata hata moja?"

"Nilikwambia wifi. Sishoni."

"Mambo hayaendi hivyo. Hii ni kawaida yetu, na kawaida ni kama sheria."

"Kila sheria ina mtunzi. Na mtunzi wa hii hana cherehani."

Shemeji akaanza kuchunguza dari. Jemadari akavuta pumzi, nikaona shingo yake inatuna. "Unaumwa, au kuna mtu anakujaza maneno? Umehamia dini ya watu wasiosherehekea?"

"Siumwi, sijajazwa, sijahama. Krismasi naipenda. Nitakwenda ibadani, nitaimba, nitarudi nyumbani kwangu nikae."

"Ukae?" Alilitamka neno hilo kama ni tusi. "Familia nzima ikutazame umekaa?"

"Ndiyo. Kwenye kiti."

Akasimama. "Sawa. Kesho na keshokutwa usije ukasema sisi ndio tuliokutenga. Umejitenga mwenyewe."

Akatoka. Shemeji akabaki nyuma akininong'oneza, "Shemeji, si useme tu unaumwa? Sema mgongo. Mgongo hakuna anayeweza kuupinga. Mambo yataisha kimyakimya."

Shemeji ana moyo mzuri, ila ni mtu wa kupita njia ya mkato. Nikamshukuru, nikamkatalia. Mgongo ungenipa mapumziko ya mwaka mmoja. Mwakani jora lingerudi, na pole juu yake.

Ijumaa, 5 Desemba

Magauni mawili, suruali moja ya kupunguza, zipu sita. Jora kitini.

Jumapili, 7 Desemba

Binti yangu amepiga simu. Ni muuguzi, yuko mbali. Shangazi yake alikuwa amekwisha kumfikia.

"Mama, ni kweli?"

"Kweli."

"Mama jamani. Baba angejisikiaje?"

Hapo nilipandwa na hasira. Nikamwambia baba yake alikuwa mtu mzima mwenye kitanda chake, na kila Desemba alilala peke yake kwenye kitanda hicho huku mimi nikiwa kwenye cherehani, na alivyojisikia aliniambia mimi, hakumwambia shangazi. Tukaagana kwa ubaridi, kila mtu kanuna. Nimelia kidogo halafu nikala.

Jumatano, 10 Desemba

Jora limeondoka. Jemadari alilichukua bila salamu na kulipeleka mlango wa pili, kwa Fundi Kofia.

Fundi Kofia ni jirani yangu wa kazi, hajawahi kuonekana bila kofia, na anashona sare za shule tu. Kwa sare ni bingwa. Atakutolea mashati mia yanayofanana hadi vifungo. Ugumu ni kwamba watu wazima hawafanani hivyo.

Alasiri akaja kwangu, kofia mkononi, nikajua mambo ni mazito.

"Jirani, usinielewe vibaya. Mimi kazi imenifuata."

"Shona, fundi. Riziki haina mlango mmoja. Mimi nimekataa, wewe hujakataa."

"Sasa vipimo. Nimemwambia awalete niwapime, anasema watu hawana nafasi. Kaniletea nguo za mwaka jana nizifuate. Ila ya kwake hakuleta. Amenitajia kwa mdomo. Anasema kipimo chake ni kilekile cha siku ya harusi yake."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Kipimo hicho nakijua. Kila mwaka Jemadari hunitajia kwa sauti kubwa ili wote wasikie kwamba hajabadilika, na kila mwaka mimi huitikia "sawa wifi" halafu nikamwachia upana wa kidole zaidi. Mwaka mwingine vidole viwili. Ndiyo maana ana hakika. Uongo ule tuliushona wote wawili, yeye kwa mdomo na mimi kwa uzi.

"Mpime," nikamwambia Fundi Kofia. "Wote wapime, lakini huyo hasa."

"Nimejaribu. Nilipotoa futi akanikaripia. Anasema anajijua."

"Basi mimi nimesema langu."

Akasita mlangoni. "Na lile shati la shemeji yako, bega la kulia liko chini kuliko la kushoto. Ulikosea?"

Hapo nikajibu kwa kiburi kidogo. Nikamwambia aliyepinda ni shemeji, shati liko sawasawa. Sijui kama alinisikia, maana mvua ilikuwa inapiga mabati.

Jumapili, 14 Desemba

Baada ya ibada akina mama watatu wamenishika mkono wakaniambia pole. Habari zimeenea kwamba naumwa. Mmoja anasema macho, mwingine anasema moyo. Nikawaambia mimi mzima, ila mwaka huu sishoni wala sipiki. Wakatazamana kwa huruma zaidi, kama vile hiyo ndiyo dalili yenyewe. Jioni nikaletewa kapu la machungwa ya mgonjwa. Nimeyala. Machungwa hayana kosa.

Jumatano, 17 Desemba

Nimekwenda kumwona mama. Anaishi kwa Jemadari, ng'ambo ya soko. Kila wiki huenda kumsuka nywele, na wiki hii nilimpelekea sabuni anayoipenda na soksi, kwa sababu mvua hizi zinamwingia miguuni.

Jemadari alinifungulia mlango nusu.

"Mama kalala."

"Nitamsubiri aamke."

"Hajisikii vizuri. Mambo haya yamemchosha."

"Mambo gani, wifi?"

"Wewe unayajua."

Nikamsikia mama akikohoa sebuleni. Kikohozi cha mtu aliye macho, aliyekaa. Jemadari naye alikisikia, akajua nimekisikia. Tulisimama hivyo, mimi na soksi zangu mkononi, yeye na kitasa mkononi. Nikapaza sauti, "Mama, shikamoo! Nimekuja!" Hakuna marahaba iliyotoka mle ndani.

Nikampa Jemadari soksi na sabuni, nikaondoka. Njiani nililowa chapachapa na sikujali. Hasira kubwa niliyokuwa nayo haikuwa ya Jemadari. Jemadari ni Jemadari. Nilimkasirikia mama. Miaka yote nikimwosha miguu, nikimpeleka hospitali, nikimkatia kucha, na leo ananyimwa kuniona na anakubali kunyimwa. Nilifika nyumbani nikavua viatu nikavitupa ukutani, kimoja baada ya kingine.

Halafu wazo likanijia: niende kwa Fundi Kofia, nichukue hata nusu ya kile kitambaa, nishone, yaishe. Siku zimebaki. Mikono ninayo. Mama ataniitikia.

Nikalikalia wazo hilo muda mrefu. Kisha nikaona kitu kimoja waziwazi. Kama marahaba ya mama inapatikana kwa kushona, basi hata nikishona nitakuwa nimeinunua, na mwakani nitainunua tena. Sitaki. Kama ananipenda, ananipenda bure. Kama hanipendi, afadhali niumie mara moja kuliko kuchomwa pini kila Desemba.

Siendi. Nimeandika kwa herufi kubwa pembeni: SIENDI.

Ijumaa, 19 Desemba

Cherehani ya Fundi Kofia inalia nyuma ya ukuta tangu asubuhi. Mshono wa haraka haraka, bila kusimama kwenye kona. Nimekaribia kugonga ukuta. Nimewasha redio.

Jumamosi, 20 Desemba

Binti amepiga tena.

"Mama, nimejaribu kukumbuka Krismasi moja ambayo ulikuwa umekaa. Mezani, na sahani. Sijaikumbuka."

"Basi usijitese."

"Nimechukua zamu ya siku hiyo. Wenzangu wana watoto wadogo. Nitakuja Januari, tukae wote wawili. Usipike."

"Januari nitapika," nikamwambia, "kwa sababu nitakuwa nataka."

Tumecheka. Mtoto yule kakua nikiwa nimeinamia cherehani, na bado kakua vizuri.

Jumatatu, 22 Desemba

Fundi Kofia kaja kuazima uzi wa zambarau. Nimempa. Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Jana Jemadari alipita kuhakikisha idadi, akawa anawataja watu kwa vidole, mkubwa hadi mdogo, na alipofika katikati akanyamaza. Akaanza upya. Akafika palepale akanyamaza tena. Mwishowe akamwambia Fundi Kofia ahesabu mwenyewe, akaenda kusimama nje kwenye mvua.

Katikati ndipo alipokuwa mume wangu. Kila mwaka hapo ndipo zamu yake ya kutajwa ilipofika.

Sijui niliweke wapi jambo hili. Siku zote nilidhani Jemadari analinda amri zake. Bado nina hasira naye kwa ule mlango. Lakini leo nimemfikiria kama mtu aliyefiwa na kaka, na inanisumbua kuona sikuwahi kumfikiria hivyo.

Jumatano, 24 Desemba

Sijapika. Sufuria kubwa iko juu ya kabati, sikuishusha. Nimefagia, nimeoga, nimetandika mashuka safi. Jikoni ni kimya mpaka nasikia bomba likidondosha matone.

Naogopa. Naandika kwa sababu ni kweli. Lakini kuogopa si kubadili nia.

Alhamisi, 25 Desemba

Mvua imekatika, jua kali. Nilikwenda ibadani na gauni langu la kijivu, nikaimba hadi sauti ikakwaruza. Nikarudi, nikatengeneza chai, nikakata mkate, nikakaa sebuleni. Nilikuwa nimejiandaa kuwa peke yangu. Nilikuwa nimekwisha kulilia hilo tangu jana na kulimaliza.

Ndipo lori la shemeji likasimama nje.

Waliingia mmoja mmoja, na Mungu anisamehe, niliuma ulimi nisicheke. Zambarau tupu, na kila mtu na balaa lake. Fundi Kofia alikuwa ameona bega la shati la shemeji liko chini, akalirekebisha. Sasa shati lilikaa sawa na shemeji akawa amepinda, upande mmoja umening'inia. Watoto walikuwa wamerefuka tangu mwaka jana, mikono ya nguo ikaishia karibu na viwiko. Wanawake wote walishonewa kola ngumu za shule. Mchumba mwembamba alikuwa amevalia kitu cha mtu mwingine kabisa. Mke wa shemeji alibeba sufuria aliyoipika mwenyewe, akaiweka mezani bila neno.

Jemadari aliingia mwisho, kajifunika mtandio mzito wakati joto linachoma. Alipogeuka kufunga mlango, mtandio ukateleza nikaona. Zipu ilikuwa imefika katikati ya mgongo ikagoma. Juu yake palikuwa wazi.

Mama alikuwa ameketi tayari kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Nikamwamkia. Akaitikia, kwa sauti ndogo, macho chini.

"Wifi," Jemadari akasema, "leta sindano. Dakika tano tu. Anza na mgongo huu, halafu bega la huyu, kola tutazivumilia. Mpiga picha yuko njiani."

Wote wakanitazama. Vidole vyangu viliniwasha, siwezi kukataa. Bega lile ningelimaliza kabla chai haijapoa. Mimi ni fundi. Nikiona mshono mbaya mwili unaniuma. Nikaishika mikono yangu mapajani.

"Sishoni leo."

"Hata hili? Hata mgongo wa mtu uko nje?"

"Nina magauni kabatini. Nitakupa moja uvae. Kushona, hapana."

"Kama hushoni," akasema, na sauti ikampanda, "sisi tumekuja kufanya nini hapa?"

Mtoto mmoja aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna. Jemadari mwenyewe alijisikia alichokisema.

"Wifi," nikamwambia, "swali hilo nimejiuliza mwezi mzima. Mimi sina jibu. Nijibu wewe."

Shemeji akatazama dari. Nilihesabu moyoni kwamba sasa watasimama, watatoka, na ndiyo itakuwa mwisho wangu na watu hawa.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa anahangaika na kwapa lake, mshono ulikuwa unambana, akainua uso.

"Mimi nimekuja kumwona mwanangu. Siku ile alisimama mlangoni akanisalimu, nikanyamaza. Nilisema moyoni, nakaa kwa mtu, nisigombane na mwenye nyumba. Sijalala vizuri tangu siku hiyo." Akanigeukia. "Marahaba, mwanangu. Nimechelewa kuitikia. Sasa nipe hilo gauni la kabatini, hili linanikata kwapa."

Nilimpeleka chumbani. Nilimvua ile zambarau, nikamvika gauni langu la nyumbani lililopauka, pana, lisilo na kola. Akajinyoosha mikono, akashusha pumzi. Nililia begani pake na yeye akalia begani pangu.

Tuliporudi mpiga picha alikuwa amefika, wamejipanga ngazini. "Mama, njoo katikati," Jemadari akaita. "Na wewe wifi, mtafutie khanga hata ya zambarau ajifunike."

"Pigeni," mama akasema. "Mimi nimekaa."

Akakaa kweli, kando yangu. Mpiga picha akatazama huku na huku. Shemeji naye akajikuna bega, akashuka ngazi moja, akasema kwa aibu, "Dada, hata mimi shati hili..." Akaingia ndani, akalivua, akabaki na fulana. Watoto hawakusubiri kuambiwa mara mbili.

Jemadari akabaki ngazini peke yake, mtandio begani, jua likimpiga usoni.

"Mnadhani mimi napenda zambarau?" Sauti yake haikuwa ya amri tena. "Tukivaa rangi moja, mtu akitazama picha haoni aliyekosekana. Anaona rangi. Tukivaa kila mtu lake, itaonekana hayupo."

"Hayupo, wifi," nikamwambia. "Mimi nalala na kuamka humu ndani, na hayupo. Kitambaa hakimfuniki."

Akalia akiwa amesimama wima, bila kujifuta. Nilitamani kwenda kumkumbatia, na nilitamani vilevile kumkumbusha ule mlango. Sikufanya hata kimoja. Nilisubiri. Mpiga picha aliaga kwa adabu, akaenda zake. Mwishowe Jemadari aliingia, akautupa mtandio kwenye mkono wa kiti, akakaa na mgongo wake wazi mbele ya watu wote.

"Kuna chai?" akauliza.

"Ipo jikoni," nikasema. "Kajimiminie. Na mimi uniongezee."

Akanitazama kidogo. Kisha akaenda. Tukamsikia akifungua kabati moja, akafunga, akafungua lingine. Miaka yote hiyo, na hajui vikombe vyangu vinakaa wapi.

"Wifi!" akaita kutoka kule. "Sukari umeweka wapi?"

"Tafuta," nikamjibu, nikaendelea kukaa.